Uliyehama Kundi Mbele ya Watu Wote

Kandidus, uliyekuwa mchumba wangu,

Neno "mpendwa" nililiandika hapo juu, halafu nikalifuta. Si kwamba sikukupenda. Lipingo nzima ni mashahidi, nilikupenda mpaka nikawa kituko. Nimelifuta kwa sababu kwenye barua hii sitaki kuandika hata neno moja nisilolimaanisha.

Nimeiona picha yako. Dereva mmoja wa kirikuu alinionyesha kwenye simu yake, akadhani nitafurahi. Shati jeupe, mikono umeikunja kifuani, nyuma yako mibuni imezaa, chini wameandika "Kijana wa Watu." Watu gani, Kandidus? Jumamosi wajumbe wa chama chako wanapiga kura za maoni, wanachuja majina, na huko kwenu milimani kila mtu anajua ukipita hapo udiwani umeshaupata, huko mbele ni kukamilisha tu. Basi nikwambie mapema usije ukapata shida ya kutafuta maana: sitaki upite. Hiyo ndiyo shida yangu na wewe, na ndiyo sababu nimekaa chini kuandika.

Unakumbuka siku ya kwanza? Kirikuu chako kilikwama mchangani, sisi tunaanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, na simu yangu nimeitundika kwenye mguu wa chanja inasoma habari za Marekani. Mwaka ule walikuwa wanachujana kule, chama kimoja wagombea utitiri, wanapigiwa kura jimbo hili, wanahamia lile. Wenzangu walikuwa wanafuatilia mpira, mimi nafuatilia hayo. Shule niliachia kidato cha pili, mengine yote nimejisomea mwenyewe kwenye simu huku mikono inanuka samaki. We ukashuka, salamu hukutoa, ukasema tu, "Huyo seneta mzee ndiye anachukua."

Nikakwambia, "Hachukui. Atashinda mwanzoni, ataishia njiani."

"Dada wa usipa anajua nini habari za Marekani?"

"Na kaka wa kahawa anajua nini? Nyie si mnalima huku mmejifunga kamba msiporomoke?"

Kinamama walicheka mpaka usipa ukamwagika. Hata wewe ulicheka, ukaacha kusukuma gari, ukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na ubishi ukaanza. Sijawahi kupata mtu wa kubishana naye vile. Kila ulipokuja kununua usipa tulianzia tulipoachia. Wewe na seneta wako mzee, mimi na yule mgombea wangu mwanamke, gavana. Na kinamama wote wakaingia.

Mama Hilda, mwenyekiti wetu wa kikundi wakati ule, aliuliza, "Yaani miezi yote hiyo wanachagua mtu wa chama kimoja tu? Hawana mashamba hao?"

Mama mdogo Yustina, aliyenilea, yeye alimhurumia gavana. "Maskini huyo mama. Akicheka wanasema hana akili. Asipocheka wanasema ana roho mbaya."

"Sasa afanyeje, mama mkwe?" ukamuuliza.

"Mama mkwe wa nani wewe?"

Pakalipuka vigelegele, na mimi nikainama kwenye chanja nikageuza usipa ambao nilikuwa nimeshaugeuza. Ulinichumbia hivyo, kwa mdomo wako, katikati ya habari za Marekani. Mshenga alikuja baadaye, lakini mimi siku yangu ninayoihesabu ni ile.

Nilikufundisha kitu siku zile, sijui kama unakikumbuka. Nilikwambia usiulize watu wanampenda nani. Uliza wakimkosa huyo wanayempenda, watamkubali nani. Seneta wako alikuwa na mashabiki wakali kweli, wangemfia, lakini wasiomtaka walikuwa hawamtaki hata bure. Na ikawa hivyohivyo. Akashinda mwanzoni, akakwama, akapita mtu ambaye hata hakuwa anashangiliwa. Ulinuna siku mbili. Gavana wangu naye alianguka, lakini mimi nilikuwa nimesema ataanguka.

Halafu wewe ukaleta ya Aiowa, jimbo moja la kulekule Marekani.

Ulikuja na simu yako umeshikwa na wazimu. "Agnesta, njoo uone! Kule Aiowa hawatumbukizi karatasi! Watu wanaingia ukumbini, wanasimama makundi makundi, kila kundi na mgombea wake, wanahesabiwa wamesimama. Kundi likiwa dogo mno linavunjwa, watu wake wanahamia kwa wengine!" Tulitazama ile video mpaka chaji ikaisha. Na uchaguzi wa kikundi chetu ulikuwa karibu, mimi nagombea uenyekiti, nagombea na Mama Hilda mwenyewe, na Mama Skola wa kule mwisho wa ufuko. Ukasema, "Tufanye kama Aiowa. Hakuna wa kuiba kura. Wote walishakuahidi, si ndiyo?"

Walikuwa wameniahidi kweli. Mmoja mmoja, kisimani, njiani kutoka kanisani. Kwa sababu niliwaambia nitakachofanya nikipata: mwenyekiti ndiye anayeamua usipa wa kikundi anauziwa nani, na mimi nilitaka walanguzi wengi waje, washindane, tusiwe tunamsubiri mtu mmoja kama mvua. Na wewe nilikwambia wa kwanza, kabla yao wote. Ulinisikiliza vizuri sana. Ukanishika mkono. Ukasema, "Una akili mke wangu." Mlanguzi wetu mmoja wakati huo alikuwa nani, Kandidus? Mimi sikuliwaza hilo. Wewe uliliwaza palepale, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wako.

Siku ikafika. Jua limechomoza, tumekusanyika mchangani. Mama Hilda akasimama upande wa miamba. Mama Skola akasimama katikati. Mimi nikasimama upande wa mitumbwi. Na palepale nikaona tulivyojitumbukiza shimoni. Nani atasimama upande wangu mchana kweupe, mama mkwe wake amesimama kule kwenye miamba anamwangalia? Nani atamwacha shangazi yake aliyembeba mgongoni, aje kwa Agnesta? Aiowa watu hawajuani. Hapa binti aliyeniahidi kwa kiapo alinipita ameinamisha kichwa, akaenda akasimama nyuma ya mkwe wake. Hata hivyo niliokota watu wangu. Vijana, wajane, walioolewa kutoka mbali. Na wewe, maana ulikuwa mwanakikundi kwa ajili ya usafiri. Ulisimama bega kwa bega na mimi. Makundi yetu mawili yakawa karibu sawa. La Mama Skola likawa dogo, likavunjwa. Watu wake wamesimama katikati, wanaangalia kulia, wanaangalia kushoto. Walikuwa wamebaki hao tu kuamua.

Ukasema kwa sauti, "Na mimi nahama."

Nilidhani unatania. Mpaka nilipouona mgongo wako unakata mchanga kwenda kwenye miamba.

Nikapiga kelele, "Hairuhusiwi! Kule Aiowa aliyesimama kwenye kundi lililofikisha idadi hahami! Tuliangalia wote!"

Ukageuka. Ulikuwa unatabasamu. "Hapa si Aiowa, dada. Hapa ni Lipingo."

Dada. Mahari imeshapangwa, mama mdogo ameshakata kitenge, unaniita dada mbele ya watu wote kama mtu anayeulizia njia. Na kuna mwanamke mmoja katikati pale, wala simchukii, akasema tu kilichokuwa dhahiri: "Kama mchumba wake mwenyewe hamtaki, sisi ni nani?" Wakacheka. Wakaenda wote kwenye miamba, mstari mmoja, wanacheka.

Wiki iliyofuata usipa wote wa kikundi ulipanda kirikuu chako, kwa bei unayotaja wewe. Ujumbe wako ulinikuta chanjani: "Tupumzike kidogo." Kupumzika! Kama vile tulikuwa tunabeba magunia.

Nitaandika na zuri lako, wasije wakasema nimeficha. Mama mdogo alipougua, ulimpeleka hospitali kwa gari lako, ukakaa naye kwenye benchi kutwa nzima, ukamlisha uji kwa kijiko. Bado anakutetea. Juzi kaniona naandika, akajua. "Mwache, mwanangu. Ashinde tu, akakae huko na udiwani wake. Utazeeka na hasira." Nikamwambia shikamoo mama, lakini hapana. Ile siku ya hospitali ulikuwa mtu mwema. Siku ya mchangani ulijua unachofanya. Yote mawili ni wewe, na wajumbe hawachagui nusu mtu.

Na laiti ungeniumiza mimi peke yangu. Msimu uliofuata kahawa ilikuwa nzuri huko juu, ukaona ina faida kuliko usipa, ukaacha kuja. Hukusema. Mama Hilda alikuwa amewafukuza walanguzi wengine wote waliojaribu kuja, kwa ajili yako. Tukaanika, tukasubiri, mvua ikaja. Tukaanua, tukaanika tena, mvua ikaja tena. Usipa ukaoza kwenye chanja, harufu mpaka kanisani. Mama Hilda alikupigia simu tumemzunguka wote, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ukaizima. Yule mama nilikuwa sijawahi kumwona analia. Alikaa mchangani, akajifunika kanga usoni kama aliyefiwa.

Mwenyekiti wa kikundi leo ni mimi. Jina langu alilipendekeza Mama Hilda mwenyewe. Tulipiga kura kwa karatasi, tukatumbukiza kwenye ndoo yenye mfuniko, kila mtu na moyo wake. Magari yanashuka sasa kutoka Mbinga, mengine yanapitia Kingerikiti, wanagombania usipa wetu mpaka wanatukanana. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa njaa. Nimeshiba. Nakuandikia nikiwa nimeshiba.

Sasa tufanye kama zamani, tukae kwenye mtumbwi tupige hesabu ya mgombea. Huko kwenu mko watatu: wewe, mwalimu mstaafu, na mama wa ushirika wa kahawa. Wewe una vijana wa bodaboda, wana kelele, wanapiga honi, fulana wamevaa. Ukiwasikiliza hao umeshashinda. Lakini niambie, anayempenda mwalimu akimkosa mwalimu, anakuja kwako? Haji. Anaenda kwa mama wa ushirika. Anayempenda mama wa ushirika akikata tamaa, anakuja kwako? Anaenda kwa mwalimu. Na anayekupenda wewe, akiyumba kidogo tu, haendi mbali, wote wawili wanampokea. Wewe mjumbe ukimpoteza umempoteza. Wewe ni seneta mzee, Kandidus, ila kijana.

Na kitu kingine hujakihesabu, kwa sababu hukuwahi kuhesabu wanawake. Wajumbe wangapi huko kwenu ni mabinti wa ziwani walioolewa milimani? Wanaochimba ngolo, yale mashimo ya kulimia mlimani, mashambani kwenu, wanaochuma kahawa yenu, ambao mama zao na dada zao ni hawa hawa wa chanjani. Kila mmoja ana mtu aliyeozewa na usipa. Wewe unawaona wamevaa vitenge vya chama wanaimba, unadhani wanakuimbia wewe.

Nilipomaliza kuandika mpaka hapo nilimpelekea Mama Hilda. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Hapo kwenye simu umeandika aliizima mara moja. Aliizima mara tatu. Rekebisha. Na jina langu liache hapohapo, mwanangu, usiweke herufi ya kwanza tu. Mimi ndiye nilimpa usipa wote, mimi ndiye nimsemee." Sijarekebisha kule juu, nimeona niyaweke hapa, kwa mdomo wake. Mwanamke tuliyegombana mpaka tukaacha kusalimiana, leo tumekaa kwenye mkeka mmoja tunakuandikia wewe. Uliwahi kuwaza tutafika hapo?

Sitaki uniombe msamaha. Nimesikia unamuuliza kila dereva anayeshuka, eti Agnesta ana hali gani, eti yaliyopita si ndwele. Usitume mshenga, usimtume padri, usimpigie mama mdogo, maana huyo atalainika na mimi nitalazimika kumnunia mzazi wangu. Usiseme mbele za watu kwamba ni wivu wa mapenzi. Sema tu kama ni uongo. Simama useme, "Sikuhama kundi. Sikuacha usipa uoze. Sikuizima simu." Wataona uso wako wenyewe.

Utatafuta namna ya kuizuia barua hii, nakujua. Utampigia rafiki yako wa kwenye grupu la wajumbe umwambie binti wa ziwani akituma kitu afute. Usihangaike. Iliingia kwenye grupu jana asubuhi, mama wa ushirika akaisoma kwa sauti kwenye mkutano wa kahawa, watu wakaomba arudie pale kwa Aiowa. Wewe sikukutumia. Nilisubiri waishe wote, ndipo nikaongeza maneno haya ya mwisho, nikampa dereva akuletee kwa mkono.

Wewe ndiye wa mwisho kuisoma.

Ni mimi,
uliyemwita dada.