Kipimo Kisichofika Huku

Jumatatu, 3 Machi
Misa ya asubuhi, chai, kisha zahanati. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati; lazima nionekane. Majalada ya wagonjwa yanahamishiwa kwenye kompyuta. Bwana Fidelis, fundi kutoka mjini, ameleta programu ya kupima maneno ya siri ya wauguzi. Neno dhaifu huonyesha rangi nyekundu, neno imara kijani. Yote ni kijani. Anataka nitie saini kwamba usalama umekaguliwa. Sitii saini nisichokielewa.

Jumanne, 4 Machi
Nimedai maelezo. Programu hulinganisha neno na orodha ya maneno yanayokisiwa kwa urahisi. Nimeisoma orodha. Kizungu kitupu. Nimeandika "shikamoo" na tarakimu tatu. Kijani! Nimekasirika.

Jumatano, 5 Machi
Fundi analalamika kwamba ninachelewesha kazi. Ndiyo, ninachelewesha. Yuko mama anayetoka Kivukoni kwa baiskeli kuja kuchukua dawa za virusi vya UKIMWI kwetu, mbali na majirani. Wakwe zake hawajui. Wakijua, watamfukuza. Leo jalada lake limo kabatini, limefungiwa kwa kufuli; likihamishwa, litalindwa na neno la siri tu.

Alhamisi, 6 Machi
Mbele ya fundi, na kwa ruhusa ya Nesi Apolonia, nimekisia neno lake la siri. Kwanza jina la mwanawe. Likakataliwa. Kisha Mahenge@123. Mfumo ukafunguka.
"Mwalimu, umejuaje?" Nesi akauliza.
"Kila mgonjwa unamwambia kwenu ni Mahenge."
Fundi akashikilia kwamba kipimo kilionyesha kijani.
"Kipimo chako hakijafika huku," nikamwambia. "Anayetaka kusoma jalada la jirani yake anaishi huku."
Akasema atanishtaki kwa wakubwa wake. Nimemwandikia jina langu kamili ili asikosee.

Jumatatu, 10 Machi
Amerudi. Hakuleta barua ya wakubwa. Ameleta daftari. Mimi, yeye na Nesi tumeandika hadi adhuhuri: vijiji, vigango vya parokia, samaki, aina za mpunga, timu za mpira, salamu. Ameyaingiza yote kwenye orodha. Mahenge@123 sasa ni nyekundu. Hakuomba radhi. Sikuhitaji.

Jumatano, 12 Machi
Mvua tangu alfajiri. Wauguzi wote wamebadilisha maneno yao. Nesi Apolonia alitaka kuniambia lake jipya. Nimemkataza. Nimetia saini.
Mama wa Kivukoni amefika akiwa amelowa. Amechukua dawa, ameniamkia, ameondoka. Hajui lolote.