Papa, Mama amebomoa nyumba

Papa,

Niko Mushaki, huku ku milima. Nimekaa chini ya bache, ile turubai ya plastiki, mbao yako ingine iko imesimama, ingine bado iko ku majani mbele yangu, na mvua iko inakuja toka upande ya Masisi. Nimeanza hii barua mara tatu na mara tatu nimesimama. Mama anasema nikae ao niondoke, niache kuzunguka hapa sawa kuku yenye kutafuta fasi ya kutaga.

Nianze na ile utataka kujua kwanza. Nyumba haikuungua, haikuanguka. Mama ameibomoa ubao kwa ubao, akaipakiza mu kamio ya mizigo, akaileta huku karibu na kaburi yako. Na miye mutoto yako, shefu ya biro ya plan ya muji, niliyeandika sheria kwamba ile nyumba isiguswe, nilipanda ile kamio pamoja na mbao. Jumanne komisyo ya muji itakaa. Watauliza nyumba ya kwanza ku liste ya urithi wa muji iko wapi. Nikijibu vibaya, avenyi yetu yote, mutaa muzima, inarudi ku rangi ya njano, na majirani wako wote watabomolewa.

Rangi ya njano unaikumbuka. Ulikuja ku biro yangu na shati yako nyeupe ya kanisa, juu ulitaka watu waone baba ya shefu. Nilikuonyesha karte kubwa, ramani ya muji, ku ukuta. Nilikuwa na majivuno, sikufichi. Ulivaa miwani, ukatafuta avenyi yetu na kidole, ukaikuta njano. Ukauliza njano njo nini. Nikasema, nyumba ya provizuari, ya muda tu, Papa, zile zitatoka ili barabara na bustani ipite. Ukauliza nani alipaka. Nikasema miye. Ulitoa miwani polepole, ukaifunga mu kitambaa, ukasema: "Basi umenipaka na miye."

Tangu nizaliwe ulikuwa unaniita "mama", juu nilibeba jina ya mama yako. Tangu siku ile uliniita Furaha, sawa vile watu wengine. Kiisha ukagonjwa. Ku hospitali tuliongea juu ya supu, juu ya mashuka, juu ya yule muganga mwenye kutembea sawa askari, juu ya kila kitu isipokuwa ile rangi. Niko na hasira mpaka leo. Na miye mwenyewe, na weye pia kidogo. Ungenitukana tu, Papa. Ungenitukana ningepata usingizi.

Kilio ya kukuzika ilipoisha sikuweza kutulia. Nilimuchukua Papa Janvier, yule muzee muchoraji wa karte uliyemukuta amesinzia ku kiti mu biro yangu, tukaingia mu avenyi nyumba kwa nyumba. Mbele nilikuwa ninaichora na picha za satelite, na toka juu unaona manjanja ya mapaa tu. Safari hii tuliingia ndani. Njo tukaona namba. Ku kila ubao, na krayo, kalamu ya risasi: herufi ya ukuta, namba ya mustari, na mushale kuonyesha upande ya juu. Haikuwa kwetu tu. Ilikuwa kwa fundi wa viatu, kwa yule mama mwenye kuuza maharagi, mpaka ku nyumba ya mwisho. Zingine mukono wako, zingine mukono ya mafundi wa mbao uliofundisha. Papa Janvier alipitisha kidole ku namba moja akasema, "Shefu, hawa watu walikuwa na plan mbele yetu."

Na miye nilikulia katikati ya zile namba. Nilijifunza kuhesabu nazo, nimelala ku kitanda, natazama ukuta. Nilifikiri kila mutoto wa dunia iko nazo. Mama njo alinieleza vizuri, weye ukiwa umeshaenda: kwamba ile mbao mulipasua kule Mpofi, mu pori ya Walikale, mwaka ya ndoa yenu. Vita ilipofika mukatoa misumari, mukaibeba mpaka Mushaki. Tena mukatoa misumari, mukashuka mu muji, mukaisimamisha juu ya majiwe ya volkano. Nyumba ni moja, fasi ni tatu. Na miye niliyesoma mpaka ku iniversite nikaiita provizuari. Haya inanipata hata sasa, ninaandika na uso inawaka.

Basi nikapigana. Kila reunyo ya komisyo niliingia na picha za namba zako. Kulikuwa ingenieri moja wa barabara, kijana muzuri tu, mupole, aliyerudilia kila siku: "Madame, urithi ni majiwe. Mbao ni mbao." Siku moja nilipiga meza mpaka chai yake ikamwagika. Mwishowe komisyo ikakubali. Avenyi yetu itoke ku njano, iandikwe ku liste ya urithi, na nyumba yako iwe ya kwanza. Nilienda kulia mu choo ya biro, maji ikiwa imefunguliwa, wasinisikie.

Sasa sikia kosa yangu. Sheria ya kulinda zile nyumba niliitoa mu dosye ya nyumba za zamani za majiwe, zile za kando ya ziwa. Nilikuwa na haraka, nikabadilisha majina tu. Ndani mulikuwa na mustari inayosema: nyumba haitahamishwa, wala kipande yake haitatolewa. Kwa nyumba ya majiwe ni sawa, itaenda wapi? Lakini yako, Papa, uliijenga ili itolewe na ihamishwe. Zile namba hazina kazi ingine. Mu kile chumba chote hakuna muntu aliyeona, na miye mutoto ya fundi, niliyehesabu zile namba tangu utoto, nikatia sinyatiri yangu chini bila kuona.

Nilikimbia na karatasi mpaka kwa Mama. Alikuwa anachambua maharagi ku kizingiti. Nikamusomea yote, na sauti sawa ya redio, nikingoja anipigie vigelegele. Nilipofika ku ule mustari akasimamisha mikono. "Inasema siwezi kuitoa?" Nikasema ndiyo, inalindwa. Akasema: "Furaha, miye niko naenda Mushaki. Papa yako iko kule mu kaburi peke yake, na hii nyumba tuliibeba naye. Sasa munamulinda nani?" Nikamueleza habari ya majirani, nikamueleza barabara, nikamuomba avumilie. Hakubishana hata kidogo. Akarudilia maharagi yake, na miye nikafikiri amekubali. Weye unamujua. Ungenicheka.

Nyuma ya siku chache Papa Janvier akanipigia simu saa ya mchana, anasema nije mbio. Nikakuta majiwe meusi matupu, na fasi nne zenye kung'aa kidogo pale miguu ya kitanda yenu ilikuwa inasimama. Kamio ilikuwa imeshajaa. Wenye kutoa misumari walikuwa wale wale majirani niliokuwa ninawapigania. Yule mama wa maharagi akaniambia bila haya: "Ni mama yako, tungemukatalia namna gani?"

Nilikuwa na uwezo wa kusimamisha ile kamio. Neno moja. Dereva alikuwa ananitazama, mukono ku ufunguo. Mama alikuwa amekaa mbele na picha yako ku magoti, anaangalia barabara, na nikaona shingo yake ilivyokonda tangu uende. Ubao moja ilikuwa imesahauliwa chini. Nikaiokota, nikaipandisha, nikapanda nyuma. Mpaka Sake, pale barabara inaanza kupanda, nilishikilia ile ubao. Kupanda milima ya huku niliimba, Papa, sijui kwa nini. Wapakizaji tuliokaa nao nyuma walinitazama sawa mwenda wazimu.

Hapa kazi inaenda mbio. Mafundi wawili wa Mushaki hawakukujua lakini wanakusoma ku zile namba bila shida, ukuta kwa ukuta. Tuligombana juu ya ubao moja tu, ile yenye mushale inaangalia chini. Walitaka kuigeuza. Mama akakataza. Kumbe uliipigilia siku nilipozaliwa, wakakuita, ukaiacha vile, ukakimbia na nyundo mukononi, na hukuitengeneza tena. Nimekaa mbele ya ile ubao nikacheka mpaka nikaumwa na tumbo, kiisha nikalia, kiisha Mama akaniletea sombe ya majani ya muhogo akasema nile.

Jana Papa Janvier alinipigia tena. Anasema yule ingenieri ameshasikia, na anazunguka anasema kama nyumba ya kwanza ya urithi inaweza kupanda kamio, basi miye mwenyewe nimemuhakikishia kwamba zote ni provizuari. Papa Janvier ananipenda, akanipa njia: "Shefu, sema upepo iliiangusha. Nani atauliza?" Nikaandika ile raporo ya kupelekea komisyo, nakuambia ukweli. Niliiandika yote, na upepo, na manjanja yenye kuruka. Ilikuwa raporo nzuri. Nikaisoma nikitazama mukono wako ku mbao, nikaona nimekupaka rangi mara ya pili. Nikaipasua. Mama ameiwashia moto.

Njo nimeandika ingine, fupi. Inasema ule mustari ni kosa yangu, niliunakili ku nyumba za majiwe, uondolewe. Fasi yake utiwe huu: nyumba ya mbao inalindwa pamoja na namba zake, jamaa yake ikiihamisha, ulinzi unaenda nayo, muntu mwingine hana ruhusa ya kuigusa. Ku karte, pale nyumba yako ilikuwa, nimeandika na krayo: "Imehama, iko Mushaki." Chini nimetia jina ya aliyeisaidia kuhama, na ni Furaha, jina ya mama yako na yangu. Naogopa, Papa. Wanaweza kunitoa ku kazi, na hiyo nitaivumilia. Sitavumilia kupita ku ile avenyi nikute tingatinga.

Asubuhi Mama alifunga mulango mara ya kwanza. Akaufungua tena, akasimama pale akiangalia kaburi yako, haiko mbali, hata sauti ya polepole inafika. Akasema: "Tumefika." Hakuwa anasema na miye. Nikajifanya ninatafuta misumari.

Mvua imefika kweli, wananiita tufunike mbao. Kesho ninashuka mu muji. Pumzika vizuri, na umungoje Mama bila haraka, bado iko na nguvu. Jumanne nitasimama mbele yao niseme yote sawa vile nimekuandikia hapa. Wakinifukuza, utaniona huku nashika nyundo. Wakinibakisha, ile avenyi yako hakuna muntu atakayeibomoa isipokuwa wenyewe, siku watakayotaka kwenda nayo. Hiyo ninakuahidi.

Mutoto yako,
Furaha