Wingu Lililojificha Juu ya Jingine

Mjini Baraka, Alhamisi, Machi 1956. Asubuhi. Jua limetoka, ziwa limetulia.

Mama Riziki alikufa jana. Naandika ili niamini.

Jana mbingu ilikuwa nyeupe tupu, kama shuka lililotandazwa kutoka milima ya Fizi hadi ng'ambo ya ziwa. Hata upepo haukuwapo. Pale kituo cha hali ya hewa tulirusha puto kama kawaida, kisanduku chake cha redio kikining'inia chini. Kazi yangu ni kusikiliza. Kisanduku kinapanda kikituma habari za joto na unyevu. Unyevu ukijaa, najua kimeingia ndani ya wingu, ukipungua, kimetoka.

Kiliingia katika lile wingu jeupe, kikatoka upesi. Wingu jembamba tu. Kikapita kwenye hewa kavu, nikadhani basi.

Kisha unyevu ukajaa tena. Kikapanda, kikapanda, nikangoja kitoke. Hakikutoka, mpaka redio ikanyamaza.

Ndipo nilipoelewa. Juu ya shuka lile kulikuwa na mlima mzima wa wingu la dhoruba, na sisi huku chini hatukuuona.

Nikakumbuka bamama, kina mama wa kwaya. Walikuwa wakienda harusini kijijini Swima kwa mitumbwi, mama yangu akiwa mmoja wao. Nikaomba ruhusa kwa mkubwa wangu, nikakimbia ufukweni. Mtumbwi wa kwanza ulikuwa umekwisha kuondoka. Katika wa pili alikaa mama, pamoja na jirani yetu Mama Riziki.

"Mama, mutoke mu mutumbwi. Iko wingu ingine juu ya hii. Kubwa sana."

Mama Riziki akacheka. "Mi naona moja tu, mutoto yangu. We unaona ya pili na macho gani?"

"Siioni, mama. Nimeipima."

Mama yangu akashuka. Mama Riziki naye akashuka, akinung'unika kwamba nyama ya harusi itaisha bila yeye. Wakaingia kungoja katika kibanda cha wauza samaki. Mimi nikarudi kazini, kifua mbele.

Mvua ilianguka kabla ya adhuhuri. Ikaja ngurumo moja iliyotikisa madirisha yote ya kituo, halafu nikasikia watu wakipiga mayowe huko ufukweni.

Radi ilikuwa imepiga kibanda. Mama Riziki alikuwa ameegemea nguzo.

Mama yangu yuko hai. Sikio lake la kushoto halisikii.

Na mtumbwi wa kwanza ulifika Swima salama. Wameimba. Wamekula.

Sikukosea. Hilo ndilo linalonipasua kichwa: kuhusu wingu lile sikukosea hata kidogo.

Leo alfajiri Riziki, binti yake, alikuja mlangoni. Nilijiweka tayari kwa matusi. Aliuliza tu nilimwambia nini mama yake. Nikamweleza yote, hata kicheko. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Alikuamini," akasema, akaondoka.

Afadhali angenipiga.

Kesho tutarusha puto lingine, na mimi ndiye nitakayesikiliza. Unyevu ukijaa tena huko juu, najijua, nitakimbia ufukweni. Lakini nikishawatoa watu mitumbwini, nitawaambia waende wapi?