Nilipoulizwa Mimi ni Nani

Mjukuu wangu Salma,

Huku tu wazima, alhamdulillahi, ila mamako bado akohoa. Waniuliza kama uende kwenye hafla ya hizo kampuni za ushauri wa biashara zinazotafuta wafanyakazi, ilhali chuo chako hakuna akijuaye.

Usichanani nilikwenda bandarini Kilindini, kampuni ya meli ilipoita kazini wasichana wanaojua Kiingereza. Bwana mmoja akaniuliza, "Wewe ni nani?" Nikajibu tulivyofunzwa: binti wa fulani, wa mtaa wa Ndia Kuu.

Akacheka. "Simwajiri babako. Wewe wajua nini?"

Nilijua kupiga taipu, Salma. Haya zikanishika, nikarudi nyumbani bila kulitaja hilo.

Nenda, mama. Wakikuuliza chuo, kitaje, kisha endelea kusema ujuacho. Babu yako alifariki hajui kwamba niliwahi kutaka kazi.

Bibi yako