Kipande cha Ukuta

Jumanne

Nimeharibu, na nimenyamaza.

Mzee ninayemtunza hapa mjini Falls Church alizaliwa Skotlandi, katika jumba la ukoo ambalo baadaye liling'olewa paa likaachwa linyeshewe. Sasa linakarabatiwa. Mafundi waliomba kipande cha plasta ya ukutani alichohifadhi kabatini, wajue rangi ya sebule.

Jana msimamizi wangu alikuwa anakuja kukagua usafi. Nikakikuta kimejaa masizi, nikakisugua kwa dawa ya madoa. Rangi yote ikatoka.

Leo binti wa mzee amekuja kukichukua. "Baba, kumbe ilikuwa nyeupe?"

Mzee amekigeuzageuza mkononi. "Nyeupe," akasema.

Mwaka mzima amekuwa akinihadithia sebule ya kijani. Sasa anayeikumbuka ni mimi, na huko sijawahi kufika.