Barua ya Kagwiria Iliingia kwa Mwizi

Mama Cicily wa ukurasa wa ushauri,

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu wa bahati. Mimi Kobia wa hapa Ruiri nimetembea mpaka Dubai, nimekutana na matapeli wa kila rangi na hakuna aliyewahi kuniweza. Ndiyo maana majirani wasio na simu kubwa hutumia barua pepe yangu, wakijaza fomu wanaandika anwani ya Kobia, barua ikija nawasomea bure na kicheko juu, na Kagwiria, binti wa marehemu ndugu yangu, naye akaiandika alipoomba ufadhili wa kusomea uuguzi, sasa ikaja barua ati sanduku langu la barua pepe limejaa, litafungwa saa kumi jioni nisipobonyeza kiungo pale niweke neno la siri, na mimi kwa kuogopa kupotezea watu barua zao nikaweka haraka haraka, kesho yake sanduku likakataa kufunguka, mwizi amebadilisha neno, nami nikanyamaza.

Juzi nikapigia simu chuo alikoomba. Karani akasema, "Huyo msichana tulimwandikia, hakujibu. Muda ulikwisha Ijumaa."

Kila asubuhi Kagwiria akienda kupanda viazi vya watu anasimama langoni. "Baba mdogo, imekuja?"

"Wakubwa wa chuo bado wanakunywa chai, mwanangu."

Anacheka, anaenda. Nimwambieje?

Na Dubai sijafika, Mama. Bahati pia sina.

Kobia

Kobia,

Pole. Uliogopea barua za watu, na mwizi huvizia woga kama huo. Lakini kwa mwizi ulifungua mdomo upesi, kwa mtoto umeufunga. Hilo la pili hakuna tapeli aliyekulazimisha.

Sikiliza. Barua inayokutisha na kukuharakisha, ishuku. Kampuni ya kweli haikuombi neno la siri. Soma anwani iliyotuma, herufi kwa herufi, na usibonyeze chochote ndani yake: fungua sanduku mwenyewe kwa njia uliyozoea, uone kama kweli limejaa. Na majirani waambie leo, maana mwizi anasoma majina yao na namba za vitambulisho.

Kesho Kagwiria akisimama langoni, mzaha weka kando. Mwambie yote. Akilia, akikutukana, usijitetee. Kisha mwende naye chuoni, umwambie mkuu kosa ni lako. Huenda nafasi imepewa mwingine. Hata hivyo asikie kwa masikio yake, asiendelee kungoja kitu kisichokuja.

Mkitoka hapo, afungue barua pepe yake mwenyewe. Akiandika neno la siri, wewe geuka utazame ukuta.