Programu Yenye Ukaidi wa Baba

4 Machi
Mama mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Nimeunda programu inayotabiri kama programu nyingine itaisha au itazunguka milele. Inaiigiza ndani yake hatua kwa hatua, ikiona inajirudia tu, inaikatisha na kusema, "Haitaisha." Vitabu vinasema hakuna awezaye kuzitabiri zote. Mimi nimeweza! Tarehe thelathini nitaitetea mbele ya wahadhiri, na shahada yangu ipo hapo. Niombee.
Kitindamimba wako

12 Machi
Kitindamimba wangu,
Marahaba. Sijambo, mgongo tu. Marehemu baba yako ukimwambia, "Leo utachelewa," anawahi. Ukimwambia, "Utawahi," chakula kinapoa. Je, programu yenye ukaidi ule ikiiuliza kwanza yako, "Mimi nitaisha?" kisha ikafanya kinyume, itakuwaje?
Mama

19 Machi
Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje?
Baba nimemwandika awe programu, nimecheka hadi machozi! Programu yangu ilimwigiza, ikaona anauliza lile lile bila kikomo, maana kila akiuliza anaigizwa upya, ikamkatisha: "Haitaisha." Bila kumkatisha angeendelea milele. Nimeshinda.
Mwanao

25 Machi
Marahaba. Nina nafuu.
Hapo unanichezea. Mimi hapa kiwandani nikizima mashine ya kusokota uzi kwa mkono wangu, siandiki kwenye ripoti kwamba uzi haukuwa na mwisho. Naandika, "Nimezima." Uliyemkatisha ni yule unayemwigiza. Baba yako uliyemwandika, yule wa nje asiyeigizwa, akishajibiwa "Haitaisha," anafanya nini? Mwendeshe umtazame. Usiwaambie walimu uongo, hata wa bahati mbaya.
Mama

2 Aprili
Shikamoo Mama. Natumaini mgongo umepona.
Nilinuna siku mbili, nisamehe. Ya tatu nikamwendesha. Programu ikasema, "Haitaisha," naye akaisha papo hapo! Nikabadilisha jibu liwe "Itaisha". Akazunguka hadi nikachoka mimi. Nilikaa sakafuni nikalia.
Tarehe thelathini nilisimama mbele ya wahadhiri nikasema mwenyewe: nilikosea, na kosa ni hili. Sasa programu yangu ina jibu la tatu, "Sijui." Mkubwa wao akauliza nani alinionyesha. Nikasema mama yangu, fundi wa mashine ya uzi. Shahada wamenipa. Ungenisifu tu, ningeumbuka mbele za watu. Asante sana, Mama.
Kitindamimba wako

9 Aprili
Marahaba, msomi wangu, na hongera.
Barua yako nimewasomea wenzangu wa zamu, tumecheka mpaka msimamizi akaja. Tangu tumzike baba yako, kila nikimkumbuka namwona mgonjwa, hata maji hawezi kumeza. Juzi nimemkumbuka akinibishia. Asante, mwanangu.
Mama